Kopo la Rangi ya Bwawa

Bwawa la baba lina urefu wa hatua thelathini na upana wa hatua kumi na nne. Nimelipima kwa miguu yangu mara nyingi kuliko nilivyopata kupima kiuno cha mteja yeyote, na mimi ni fundi cherehani. Baba alilichimba bondeni nyuma ya nyumba yetu, nje kidogo ya Mtinko, mahali penye udongo wa mfinyanzi ambapo maji ya mvua hutuama mpaka kiangazi kikolee. Akapandikiza vifaranga vya perege, akawalisha pumba kwa wiki chache, kisha akaugua na kutuacha. Samaki walikuwa hawajafika hata urefu wa kidole.

Siku ya arobaini ukoo ulikaa kikao. Mimi nilikuwa jikoni nikiwapikia wageni wali, kwa hiyo hukumu yangu niliisikia kupitia dirishani. Aliyeitoa ni baba mkubwa, kaka yake baba. Aliuliza nani atabaki na mama, halafu akajijibu mwenyewe kwamba mtoto wa kike yupo.

Nilikuwepo, ndiyo. Nilikuwa pia na chumba changu cha kupanga Manyoni, na cherehani katika duka la mama mmoja jirani na stesheni, na wateja walionifuata mimi wala si duka. Lakini sina mume wala mtoto, na katika ukoo wetu mtu wa namna hiyo huhesabiwa kama kiti kisichokaliwa: yeyote mwenye shida anakivuta. Ikaamuliwa nibaki na mama na bwawa mpaka samaki wavunwe. Wakishavunwa, kaka yangu atakuja kumchukua mama akaishi kwake Dodoma, nami nirudi kwenye kazi yangu. Walisema ni miezi sita tu. Kisha wakaniita, nikapiga magoti pale mlangoni na mwiko mkononi, wakanisifu mmoja baada ya mwingine. Kwetu mtu akishasifiwa na wazee hadharani, hapati tena pa kusimama aseme hapana. Nikasema ahsanteni.

Bosi wangu wa Manyoni aliniambia kwa simu kwamba atanishikia nafasi kwa miezi hiyo sita, zaidi ya hapo asingeweza. Hivyo uhuru wangu ukawa unaogelea ndani ya lile bwawa, na kila asubuhi nilikwenda kuukagua.

Mvua zilipokatika, maji yakaanza kubadilika. Kwanza yalipauka, halafu ukaja ukoga, nyuzi ndefu za kijani zilizoota chini zikapanda juu na kujisuka zenyewe kwa zenyewe. Nilizivuta kwa reki mpaka mabega yakawaka moto. Nikizitoa leo, keshokutwa zipo. Alfajiri niliwakuta perege wamejazana juu wakiachama midomo, kama watoto wanaosubiri uji. Siku moja nikaokota saba waliokufa, na nikalia kwa hasira, tena hasira ya ubinafsi kabisa. Sikuwalilia samaki. Nililia kwa sababu kila aliyekufa alikuwa amenipunguzia njia ya kutokea.

Kwenye simu nikasoma kwamba kuna rangi ya kutia bwawani. Inazuia mwanga usifike chini, na ukoga ukikosa jua unadhoofika. Rangi! Nyumba yetu haijawahi kukosa rangi. Mama ni msukaji wa vikapu vya nyuzi za mkonge, na tangu utotoni nimeona vidole vyake vikiwa vyekundu Jumatatu na zambarau Ijumaa. Nikaenda gulioni nikanunua rangi ya vikapu ya buluu, ile inayopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye kipande cha gazeti. Nilinunua ya kutosha kupaka kijiji. Kilichoniokoa ni uoga wangu tu, kwani samaki wale ndio waliokuwa tiketi yangu. Nikaona bora nimuulize mtu kwanza.

Mama mwenye duka la pembejeo mjini Singida alikuwa na miwani puani na nyingine kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja na shida gani?"

Nikamfungulia kile kipande cha gazeti. Akakitazama bila kukigusa.

"Hii ni ya nini?"

"Ya vikapu. Nataka kutia kwenye bwawa la samaki."

"Wewe unaijua imetengenezwa na nini?"

"Hapana."

"Na mimi siijui. Aliyekuuzia naye haijui. Sasa samaki wataijua peke yao?" Akakunja gazeti kwa ncha za vidole, akanirudishia. "Mpelekee mama yako asuke. Ya bwawa ni nyingine, mpaka niiagize. Na usije ukapokea kopo lisilo na kibandiko. Kibandiko kiseme ni ya bwawa la samaki, kiseme unatia kiasi gani kwa maji kiasi gani. Kama hakisemi, lirudishe kopo hapa unigombeze."

Akanipa kazi ya kwenda kupima bwawa: urefu, upana, na kina sehemu tano, si sehemu moja ya katikati ambayo kila mtu huipenda kwa sababu inampa sifa. Nilirudi na vipimo vyote kwenye daftari la mishono. Akapiga hesabu, akapunguza. "Anza na nusu ya hiki," alisema. "Rangi unaweza kuongeza kesho. Kuipunguza huwezi, labda uyabebe maji kwa ndoo."

Kopo lilipofika lilikuwa dogo, saizi ya kopo la maziwa ya mtoto. Nilihisi nimeibiwa. Akacheka, akaniambia ule unga ni mkali, kijiko chake kimoja ni ndoo na ndoo za maji ya buluu, na ndiyo maana wenye haraka huwa wanaumbuka. Kisha akanikalisha kwenye kreti la soda na kunifundisha, na mimi nikaandika.

Nivae glavu za mpira, barakoa, na nguo ambayo sitaililia. Mikono iwe mikavu. Nifanye asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka, maana upepo wa Singida kila mtu anaujua. Nisimame upepo ukinipiga mgongoni, usoni hapana. Nijaze ndoo maji kwanza, kijiko kizame chini ya maji ndipo nikigeuze, unga usiruke. Halafu nitembee nikimwaga kidogo kidogo kuzunguka bwawa lote. Nisiuhamishie kwenye chupa ya maji ya kunywa wala ya soda, hata kwa dakika tano, maana ndivyo watu wanavyozika watoto wao. Kopo lifungiwe mbali na chakula. Likiisha, nilisuuze mara tatu na masuuzo niyamwage humo humo bwawani.

"Na jambo moja zaidi," akasema. "Ule ukijani wa maji, perege wanaula. Ukitia rangi umewapunguzia chakula, lazima uongeze pumba na mashudu. Ukizidisha rangi, maji yanakuwa giza, samaki hawafi lakini hawakui. Utabaki na vidagaa mwaka mzima."

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama yote, mpaka hilo la mwisho. Alikuwa akisuka, hakuinua kichwa. Aliniuliza swali moja tu, kama ni kweli hawafi.

Siku ya kwanza nilifanya kila kitu sawasawa isipokuwa barakoa, ambayo niliishusha kidevuni kwa sababu ilinipa joto. Upepo ukageuka mara moja tu, sikuona hata vumbi. Nilipofika nyumbani mikono ilikuwa misafi, nikajipongeza. Kisha nikanawa uso. Maji yakashuka buluu, kanga ikawa buluu, na kwa siku mbili nilipenga kamasi za buluu. Ndipo nikaelewa tabia ya ule unga, kwamba ukiwa mkavu kwenye ngozi hauonekani, ukiguswa na maji ndipo unajitangaza. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu tumzike baba, na nilimpenda sana dakika ile.

Bwawa likapendeza. Majirani walikuja kuliangalia, wakasema tumelivalisha sketi ya shule. Mchungaji mmoja wa ng'ombe akauliza kama kuna mtu ametuloga au tumeloga sisi. Mimi nilikuwa na sahani nyeupe ya bati iliyofungwa kamba. Kila Jumamosi niliishusha majini, na ilipotea machoni kwenye kina cha kuanzia ncha za vidole mpaka kiwiko. Hicho ndicho kipimo nilichopewa. Ukoga ukaacha kupanda. Nikautoa uliobaki kwa reki, kidogo kila siku, usije ukaozea majini wote kwa pamoja. Perege wakaacha kuachama alfajiri. Nilianza kupanga nguo zangu kwenye begi, nikizitoa na kuzikunja upya, bila sababu.

Kwa nini nilihisi nimebanwa hivyo, wakati nilikuwa nyumbani kwetu, kwa mama yangu, na chakula kipo? Nimejiuliza sana. Nafikiri ni zile siku zilivyofanana. Pumba asubuhi, reki, kuchota maji, kupika mlenda, pumba jioni. Mchana upepo ulivuma juu ya mashamba ya alizeti na mawe makubwa, nikikaa mlangoni na tepu yangu ya kupimia shingoni, nisiyekuwa na wa kumpima. Majirani walinisalimia kwa jina la baba. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilifanya kazi gani Manyoni. Nilizunguka lile bwawa mpaka nyasi zikafa na kijia kikajichora, na nilipokiona kile kijia niliogopa.

Mwezi wangu wa tano pale nyumbani nilivua perege kumi kwa wavu mdogo, nikawapima kwa tepu. Walikuwa vilevile kama mwezi uliopita. Nikashusha sahani. Ilipotea kabla maji hayajanipita kifundo cha mkono. Na mimi sikuwa nimeongeza rangi hata chembe.

Nilimpigia mama wa pembejeo. Akauliza kama nimeongeza, nikasema sijaongeza. Akauliza kama maji yamepungua, nikasema yamepungua kidogo kwa jua. Akasema huenda ni hilo, nisitie kitu, niongeze chakula. Nilikwenda stoo nikafungua kopo. Unga ulikuwa umeshuka, nikajiambia unga wowote hutulia ukikaa, hata sembe. Nilirudia hesabu zangu zote. Nilijilaumu wiki mbili nzima, nikiamini nimejifungia mlango kwa mkono wangu.

Ndipo baba mkubwa akapiga simu kwamba Jumapili atapita kula chakula cha mchana, ana neno.

Tulichinja kuku. Mama aliamka mapema kuliko mimi siku hiyo, na nilipotoka nilimkuta tayari uani, amekaa anasuka. Baba mkubwa alifika kwenye saa saba, tukamwamkia, akakaa kwenye kiti cha baba. Nikaleta jagi na beseni, nikapiga magoti, nikamnawisha yeye kwanza kama ilivyo heshima. Kisha nikamgeukia mama.

"Nimeshanawa," akasema.

Alikuwa akisema hivyo kwa wiki kadhaa. Kila nikileta jagi, ameshanawa. Kwa vile tulikuwa wawili tu, sikujali. Lakini mbele ya mgeni mtu mzima hanawi peke yake jikoni wakati ana binti mwenye jagi mkononi.

"Shemeji, nawa na wewe, mtoto amepiga magoti," baba mkubwa akasema.

Mama akanyoosha mikono. Ilikuwa misafi kabisa. Ilikuwa imefutwa kwa pumba kavu, nikaona chembe zake kwenye mistari ya viganja. Nikamimina. Maji yakaanguka kwenye beseni buluu kama wino, na mikono ya mama, mpaka juu ya vifundo, ikabadilika rangi mbele yangu.

Nilimtazama usoni. Alikuwa akiyatazama maji.

"Nini hiyo?" baba mkubwa akauliza.

Mdomo wangu ulijibu kabla yangu. "Rangi ya vikapu, baba. Amesuka tangu asubuhi."

"Pumzika basi, shemeji," akasema, na akavuta ugali. "Huko Dodoma hutasuka tena. Mwanao amepata likizo, mwisho wa mwezi huu anakuja kukuchukua."

Nikasema samaki bado ni wadogo. Akasema wadogo nao wanakaangwa, wavuliwe hivyohivyo, mambo ya bwawa yafike mwisho na mimi niende zangu. Alisema hivyo kwa upole, akitafuna. Nilikuwa nimelisubiri neno lile kwa miezi minne na nusu. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na aliyefunguliwa alikuwa ameshika jagi juu ya beseni la maji ya buluu.

Baba mkubwa alipokwenda kujinyoosha kwenye kivuli cha ghala, nilimfuata mama jikoni.

"Mara ngapi?"

Akanijibu kwa Kinyaturu, lugha anayoitumia akiwa hana nguvu ya kujipamba. Alisema mara nne. Aliamka alfajiri kabla yangu, akachota kwa mkono mtupu, akatia. Hakutaka kuwaua. Aliniuliza kwanza, nikamwambia hawafi.

"Na mimi je? Hukuona nikijilaumu? Hukuona nikirudia hesabu kama mwendawazimu?"

"Nilikuona."

Nilimwambia maneno mabaya, na sitayaandika yote. Nilimwambia ananila nikiwa hai. Nilimwambia kazi yangu haikuwa mchezo, kwamba kule nilikuwa mtu. Alisimama akiwa ameficha mikono ndani ya kanga na kunisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema:

"Dodoma sitaki. Nilikwenda mara mbili. Nilikaa kwenye kochi tangu asubuhi mpaka jioni, mlango umefungwa kwa ajili ya wezi. Mkwe wangu ananiambia, mama, pumzika. Nilipumzika mpaka nikasahau siku. Mwanangu, pale nitakufa mapema."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Nani aliniuliza?"

Siku ile ya kikao, wakati mimi nasikiliza dirishani, mama alikuwa ndani, kwenye mkeka, pembeni ya wanaume. Walimgawa mbele yake. Na mimi, niliyejiona mfungwa peke yangu nyumba nzima, nilikuwa nimehesabu siku za kuondoka kwangu kila asubuhi bila kumuuliza hata mara moja kama anataka kwenda. Kila perege aliyenona alikuwa ananifungua mimi na kumfunga yeye.

"Waambie leo," nikasema. "Yupo pale kivulini."

"Nikisema mimi, watasema mjane amekuwa mkaidi, anakung'ang'ania wewe usiolewe, usifanye kazi. Watanichukua kwa kukuhurumia wewe." Akanishika mkono kwa ile mikono yake. "Ukisema wewe, hawatauliza kitu."

Nilimchukia kwa muda wa kumenya kitunguu kimoja. Nasema hivyo kwa sababu kweli nilikuwa nikimenya kitunguu. Kisha nikaosha kisu, nikatoka.

Baba mkubwa alikuwa ameshavaa viatu. Nikapiga magoti mbele yake, upepo ukinijaza vumbi machoni, nikamwambia kwamba nimefikiri sana. Nikasema nimelipenda bwawa. Nikasema mjini kumenichosha, na kama wazee wakiniruhusu, naomba nibaki hapa na mama, kaka asisumbuke kuja. Ikabaki sentensi moja, nayo ilinipa shida, maana alitaka kuisikia kwa masikio yake.

"Ni wewe unayetaka? Hakuna aliyekulazimisha?"

"Ni mimi ninayetaka, baba."

Uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli. Alisema ukoo mzima utalisikia neno hili, na kwamba marehemu huko aliko amelala vizuri leo. Akaniwekea mkono kichwani akaanza kuniombea dua, dua ndefu, Mungu anipe uzee katika nyumba hii, Mungu anitunze nisitoke katika ardhi ya baba yangu. Mama alikuwa amekuja akasimama nyuma yangu.

"Amina," akaitikia.

Baba mkubwa akasubiri yangu. Haikuja. Mama akaitikia mara ya pili, kwa niaba yangu.